Mpishi Nyuma ya Ua wa Mianzi

Wewe unayempelekea mgonjwa tufaha, unataka alile au unataka lionekane?

Mtaani Kasuku, mjini Kindu, matufaha matano yalipangwa juu ya sahani nyeupe kando ya kitanda cha Mama Adolphine. Pome, ndivyo watu wanavyoyaita. Yalikuja kwa ndege kutoka Goma, kila moja na mgeni wake aliyelileta, na kila asubuhi mama huyo aliamuru yapanguswe kwa kitambaa. Mgonjwa mwenye pome ni mgonjwa mwenye watu. Lakini malaria ilikuwa imekwisha siku sita zilizopita, dawa zimefanya kazi yake, na mama bado hakumeza kitu zaidi ya chai. Meno yalimbakia manne, mashavu yameingia ndani. Muuguzi alisema wazi: asipoanza kula, atarudi hospitali, na safari hii atabebwa.

Mtu aliyejua la kufanya alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, nyumbani kwake, upande wa pili wa ua wa mianzi, na hakuthubutu kuuvuka. Zéphirin alikuwa mpishi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa pia mume wa Naomie, binti wa mama huyo, na baba wa mtoto wao Joëlle. Na kwao mwanaume haingii jikoni kwa mama mkwe wake, wala hamtazami akila. Hata neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu mwingine.

Kinachochekesha ni kwamba pome ndizo zilizomfanya mkwe.

Mwaka 2002, vita vilipoifunga Kindu na watu wakashindwa kwenda mashambani, Zéphirin alikuwa mpishi mpya katika nyumba ya shirika moja la msaada, karibu na uwanja wa ndege. Sanduku la kwanza la pome liliposhuka, hakuwa amewahi kulipika tunda hilo. Akayachukulia kama ndizi za kupika: akayachemsha kwa chumvi, akayamwagia mawese na pilipili. Odette, muuguzi wa nyumba ile, alionja, akatema, akacheka mpaka akakaa chini.

"Zéphirin, hii ni pome ama mboga ya sombe?"

Kisha akamfundisha. Ganda lisitupwe, maana lina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo kufanya kazi. Vipande vidogo, maji kidogo, moto mdogo, sufuria ifunikwe, tangawizi mwishoni. Tufaha likilainika hivyo halisumbui tumbo dhaifu, na utamu wake unaamsha hamu ya kula.

"Lakini si dawa," Odette alisisitiza. "Malaria inataka dawa. Pome inafungua mulango tu, chakula njo kinaingia."

Wiki hiyohiyo Mama Adolphine alifika mlangoni mwa nyumba ile akiwa amemshika mkono Naomie, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekondeshwa na njaa na homa. Zéphirin akampa bakuli la uji wa mchele wenye pome zilizopondwa. Msichana akala, akaomba tena. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Baada ya mwezi alikuwa mzima kabisa, na bado anarudi.

"Huyu sasa anafuata pome ama anafuata mupishi?" mama yake aliuliza.

Vita vilipotulia, ndoa ikajibu. Na siku ya ndoa, mlango wa jiko la Mama Adolphine ukafungwa mbele ya uso wa mkwe wake.

Zéphirin aliiheshimu mila hiyo miaka yote. Lakini sasa damu ilimchemka. Heshima inayomwacha mama akauke kwa njaa hatua kumi kutoka kwa mpishi, hiyo ni heshima ya nani? Akasimama nyuma ya ua, akaupa mgongo, akapaza sauti.

"Naomie! Mwambie mama zile pome zipikwe!"

"Mwambie mukwe wangu nimesikia," Mama Adolphine akajibu kutoka ndani. "Malaria haikula masikio. Zikipikwa, wageni wataona nini?"

"Mwambie mama wageni watamwona yeye, amesimama!"

Kikasikika kikohozi kidogo.

"Naomie, chukua tatu. Mbili zibaki za kuonekana."

Naomie akawasha mbabula, lile jiko la makaa, uani kwa mama yake. Hakujua kupika, angejulia wapi, naye ameolewa na mpishi? Akaanza kumenya.

"Ganda liache!" Zéphirin akapiga kelele bila kugeuka.

"Baba Joëlle, umejuaje kama ninamenya?"

"Nasikia kisu! Osha tu, kata ndogondogo. Maji kikombe nusu. Moto upunguze!"

Jirani Fifi akatoa kichwa juu ya ua wa pili. "Zéphirin, leo unapikia kwa redio?"

"Ukitaka kusikiliza, nyamaza! Naomie, funika!"

"Nimefunika!"

"Mbona nasikia harufu?"

"Nilikuwa ninaangalia!"

"Acha kuangalia, mke wangu. Pome si mutoto wa shule."

Hata Mama Adolphine akacheka huko ndani, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Naomie akaponda pome zile, akazichanganya na uji wa mchele wa Kibombo, akaingia na bakuli. Zéphirin akabaki amekodolea macho barabara asiyoiona. Akasikia kijiko kinagonga. Kikagonga tena. Kisha kikaanza kukwaruza chini kabisa ya bakuli.

"Naomie, nani anakula? Wewe ama mama?"

"Mwambie mukwe wangu," ikajibu sauti ya mdomo uliojaa, "tangawizi ni kidogo."

Asubuhi yake Zéphirin alitoka kunawa uso. Moshi ulikuwa ukipanda upande wa pili, na Naomie alikuwa bado amelala. Akachungulia kwenye mwanya wa mianzi. Mama Adolphine alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya mbabula, ameupa ua mgongo kwa heshima zote, kisu mkononi, na maganda yaliyomenywa hayakuwepo popote. Sufuria ilikuwa imefunikwa kwa ile sahani nyeupe ya wageni.

"Naomie!" mama akaita bila kugeuka. "Muulize mukwe wangu: nifunue sasa, ama bado?"

Hakukuwa na wa kupeleka ujumbe.

"Mwambie mama," Zéphirin akauambia ua wa mianzi, "bado kidogo."