Ukuta wa Mama Uliopigwa Marufuku

Nyumba ya mama yangu kule Nunguni ilikuwa ya udongo, na ukuta wa upande wa juu, ule unaopigwa na upepo wa mwezi wa saba, ulikuwa na nyufa. Watu wakisikia Ukambani hufikiria jua na vumbi. Hawajalala Nunguni ukungu ukishuka. Mama alikuwa na pumu, na kitanda chake kiliegemea ukuta huo kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi nyingine.

Dawa tuliyoijua wote ilikuwa karatasi. Unapika uji mzito wa unga wa ngano, unapaka ukutani, unabandika magazeti, upepo unakoma. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa hivyo. Ya mama ilitofautiana kwa jambo moja tu: nilibandika jarida la Kiingereza lililochapishwa Nairobi, ambalo fundi cherehani wa sokoni aliniletea kila alipokwenda kununua vitambaa. Karatasi yake ilikuwa nzito, ya kung'aa, na haikuloa upesi. Shule niliacha darasa la saba. Nilikuwa karani wa kupima kahawa kwenye kiwanda cha ushirika, na Kiingereza changu karibu chote nilikipata katika jarida hilo, pamoja na kamusi isiyo na jalada.

Karatasi ina pande mbili, na ukiibandika unapoteza upande mmoja. Mke wangu alitaka matangazo ya biashara yatazame chumbani: sabuni, mafuta ya nywele, akina mama wanaocheka. Mimi nilitaka makala, ili nikija kumjulia mama hali niweze kusoma tena yale ambayo sikuyaelewa mara ya kwanza. Tulibishana, nikashinda. Nilizipanga kurasa kwa kufuatana, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Mama hakujua kusoma, lakini picha alizijua zote. Karibu na mto wake palikuwa na mwanasheria mwenye miwani aliyetazama pembeni. Alimwita mkwe.

"Kwa nini mkwe?" nilimwuliza.

"Huoni? Hanitazami usoni. Huyo amelelewa."

Halafu jioni moja, katika taarifa ya habari, redio ikatangaza kwamba jarida hilo limepigwa marufuku. Msomaji alisema matoleo yote, yaliyopita, yaliyopo na yajayo, na kwamba kulimiliki ni kosa la jinai. Kisha akasoma bei za mahindi.

"Yajayo?" mke wangu akauliza. "Hata lile halijaandikwa?"

"Hata hilo."

"Basi wewe ni mhalifu wa mwaka ujao pia. Ungenisikiliza, saa hizi tungekuwa na ukuta wa sabuni."

Sikucheka. Tulikuwa tumesikia habari ya mwalimu wa shule ya msingi, kule chini kwenye mteremko, aliyekutwa na karatasi fulani katika meza yake. Alikaa ndani miezi, na aliporudi alikuwa akitoka kanisani kwa mlango wa pembeni ili asisalimiane na watu. Yeye alikuwa na karatasi. Mimi nilikuwa na ukuta.

Asubuhi nilimweleza mama. Nilimtafsiria tangazo neno kwa neno kwa Kikamba.

"Kumiliki ni nini?" akauliza.

"Kuwa na kitu, kiwe chako."

"Mimi sina kitu. Mimi ninaegemea tu."

Nilifikiri kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Jina la jarida lilikuwa chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo. Nilichukua wembe nikakata kipande hicho katika kila karatasi, kuanzia mlangoni. Nilipomaliza, ukuta ulikuwa na mistari ya udongo iliyonyooka, kwa nafasi zilezile, safu juu ya safu. Mke wangu alisimama mlangoni akautazama.

"Sasa umewaandikia kwamba kuna kitu umeficha," akasema.

Wiki hiyo naibu wa chifu alipita akikagua matuta ya mashamba. Alikuwa jirani yetu, na mama alimzidi mama yake umri, kwa hiyo hangepita bila kuingia kumsalimu. Alikaa kwenye kiti kilichotazamana na kitanda. Alikunywa chai polepole. Macho yake yalikwenda ukutani, yakafuata mstari mmoja hadi dirishani, yakarudi kwenye kikombe.

"Mwaitu," akamwambia, jina tunalomwita mama kwa Kikamba, "kifua kinaendeleaje?"

"Kinapumua. Ukuta umenisaidia."

"Nimeuona." Akaweka kikombe chini. Kwangu akasema, "Mwalimu, huu ukuta una nyufa." Mwalimu lilikuwa jina lake la kunitania. "Urekebishe kabla ya Jumapili. Ibada ya nyumbani ni zamu yenu, na mkubwa wangu wa tarafa amesema atakuja kuabudu nasi. Mimi Kiingereza kinanipiga chenga. Yeye hakimpigi."

"Nitarekebisha."

"Sijasema kitu kingine."

"Hujasema."

Tuliloanisha karatasi kwa maji ya moto tukabandua. Uji ulikuwa umeshika kuliko udongo wenyewe. Kila karatasi ilitoka na kipande cha ukuta mgongoni, na nyufa zilizokuwa za kidole zikawa za mkono. Mama alikuwa ameketi kitandani akitutazama. Mke wangu alipofika kwa mkwe, alisita.

"Toa," mama akasema. "Naye atafungwa bure."

Tulichoma kila kitu jikoni.

Nilikandika udongo mpya, na ibada ya Jumapili ikapita bila swali. Kiangazi kilipofika ukapasuka palepale. Mtu atauliza kwa nini sikubandika magazeti ya kawaida, yale yaliyoruhusiwa. Niliyanunua sokoni, nikapika uji, nikasimama nayo mkononi. Yaliruhusiwa siku hiyo. Lakini redio ilikuwa imesema yaliyopita, na gazeti lolote, likikaa ukutani siku moja, huwa limepita. Sikujua ni lipi lingefuata. Uji tukaula na watoto.

Nilitundika magunia ya kahawa. Yalizuia upepo kidogo na kumwaga vumbi kwenye mto wake, na kifua kikawa kibaya zaidi. Mwezi wa saba alihamia jikoni, alale karibu na makaa, akabadilisha upepo kwa moshi.

Marufuku ilitangazwa redioni. Nilidhani kuondolewa kwake, ikiwa kungekuja, kungetangazwa vilevile, kwa hiyo nilisikiliza taarifa kila jioni, hadi bei za mahindi. Mama alikuwa akingoja nizime.

"Wamesema lolote juu ya ukuta wangu?"

"Hawajasema."

Alikohoa, akauliza kesho yake, na mimi nikamjibu hivyohivyo mpaka alipoacha kuuliza.