Waliponiuliza Kama Nilitia Maji

Mkono wangu wa kushoto hauna hata unywele mmoja kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na shingo upande huo imejikunja kama utando wa maziwa. Watu wa mtaani kwetu Cheyo wakiniuliza nawaambia ni moto, ili waniache. Si moto. Ni maji, na walioyafanya yaniunguze ni watu watatu: tajiri, fundi, na shemeji yangu. Shule sikukaa sana, lakini haya nayaandika mwenyewe, maana yameshasemwa vya kutosha na midomo ya wengine.

Tajiri alikuwa akinunua asali na nta hapa Tabora, enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa dereva wake. Alikuwa na gari la zamani aliloachiwa na baba yake, lenye taa za shaba, na alilipenda kuliko alivyopenda watu. Injini yake ilipokufa hakutaka gari jingine. Aliagiza injini mpya Ulaya, ikaja kwa meli, kisha kwa reli, ndani ya sanduku la mbao. Lilipofunguliwa mimi nilikuwa Igalula nakusanya mizigo ya nta, sikuona kilichofanyika.

Fundi aliletwa kutoka Nairobi kuja kuifunga. Siku ya kwanza ikawaka bila ubishi, ikanguruma vizuri, tajiri akagawa halua ghalani. Kesho yake nikaitoa barabarani. Hatujamaliza nyumba za mjini, rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inatoa moshi kama chungu cha ugali.

Basi hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Fundi alikaza mkanda wa feni, ikachemka. Alifungua pampu ya maji akaikuta nzima, akairudisha, ikachemka. Akabadilisha mipira, akachezea plagi, akasema cheche zake zinachelewa, akaziwahisha, ikachemka vilevile. Kila aliposhindwa aliifuta mikono yake na kunigeukia: dereva, ulitia maji? Nikimwambia nimetia, na rejeta ilijaa mpaka mdomoni, tajiri naye anadakia kuniuliza kama nina hakika. Ikafika mahali hata mpishi wa tajiri ananisalimia kwa swali hilo, anacheka.

Mimi sikucheka. Nilijua ikisemwa kwamba nimeiunguza injini mpya kwa kukosa maji, hakuna mwenye gari Tabora nzima atakayenipa usukani tena. Shamba sikuwa nalo. Udereva ndio uliokuwa jembe langu.

Siku ya mwisho tulitoka na fundi kwenda Igalula, kwa ile njia ya zamani ya wapagazi. Ikachemka katikati ya pori. Nikazima, nikakaa pembeni kungoja ipoe. Fundi hakushuka kwenye kiti.

"Fungua tuone hayo maji yako," akasema.

"Bado ya moto, bwana fundi."

"Unaogopa maji, au unaogopa nione hamna?"

Nikafunga gunia mkononi nikafungua mfuniko wa rejeta. Maji yakaruka. Sitaeleza maumivu. Nitasema mambo mawili tu. Maji yalikuwemo tele, na yaliyoniunguza ndiyo yaliyokuwa ushahidi wangu. Na ule mvuke ulinuka kama siku ya kurina asali. Nilisema hivyo pale pale nikiwa chini. Fundi alikuja kuwasimulia watu kwamba dereva aliweweseka, akaota mizinga ya nyuki.

Nikalazwa nyumbani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa mkata nta ghalani kwa tajiri, akaniletea chupa ya asali nipakwe, kama tufanyavyo kwa aliyeungua. Alikaa mlangoni, hakunitazama. Nikadhani ananionea huruma.

Nilipoweza kusimama nilikwenda kwa tajiri. Rejeta ilikuwa imefunguliwa na kulazwa uani, juani. Nyuki walikuwa wameifunika. Fundi akawafukuza kwa moshi, akachomeka waya kwenye vile vijibomba vya chini, ukatoka na nta ya njano. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi hakupepesa macho. Akamwambia tajiri kwamba dereva alikuwa akichota maji kwenye mapipa ya kuyeyushia nta. Wote wakanigeukia.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu. Akaniambia alichowahi kusikia jikoni kwake, kaka yake akikisimulia kama kichekesho. Sanduku lilipofunguliwa, matundu ya maji ya injini yalikuwa wazi, na injini ilikuwa ingoje fundi huku vumbi la kiangazi linapeperuka. Tajiri akaagiza yazibwe. Tabora hapa kila kitu huzibwa kwa nta: ndoo ikitoboka, mtungi ukipata ufa, ngoma ikipoteza sauti. Tajiri mwenyewe alichagua bonge, shemeji akalikata na kulishindilia. Fundi alipokuja alichokoa kile tu ambacho kidole kilifikia. Iliyobaki ndani ikawa inayeyuka injini ikipata joto, inateremka kwenye rejeta, na kuganda kule chini kwenye upepo.

Asubuhi nilimkokota shemeji mbele ya tajiri. Nikamwambia aseme nani alikata ile nta.

"Mimi sikuona kitu, shemeji," akasema. "Mimi nakata nta, mambo ya magari siyajui."

Nikamtazama tajiri. Alikuwa anaangalia kucha zake. Kisha akaniambia niache ufunguo mezani. Fundi alisimama pale pale, anatafuna karafuu.

Rejeta ilichemshwa ikasafika, na gari likawa zima. Usukani alipewa shemeji. Fundi ndiye aliyemfundisha kabla ya kurudi kwao. Mimi nilikwenda kulima kwenye shamba la kuazima kando ya njia ya Tura, kwa mkono mmoja unaokunjika na mwingine usiotaka.

Siku moja lile gari likasimama pembeni ya mihogo yangu. Taa za shaba zimesuguliwa, shemeji ndani na kofia.

"Shikamoo, shemeji. Panda nikusogeze."

Sikuitikia marahaba. Niliegemea jembe nikamuuliza, "Ulitia maji?"

Akatazama mbele. Akaingiza gia, akaondoka, na vumbi lake lote likanibakia mimi.