Mama Alikuwa Anapita Tu

Mama yangu Adèle hakujua kukaa. Ukimpa kiti, alikalia ncha yake, karibu na mlango, mfuko mapajani, na kabla hujamuuliza habari za safari alikuwa ameshasema: "Mi napita tu." Alisema hivyo nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Manika. Alisema hivyo hata kwa daktari wa meno. Siku ya ndoa yangu aliona wingu likijikusanya upande wa Mutoshi, akanishika mashavu, akaondoka kabla keki haijakatwa, kwa sababu karanga zake zilikuwa zimeanikwa nje. Nilinuna kwa muda mrefu. Yeye aliniletea karanga.

Sasa alikuwa amekufa, na sisi ndio tuliotakiwa kukaa.

Kwetu kilio kina sheria zake. Binti wa marehemu anakaa chini kwenye mkeka, hapiki, hafagii, na hakuna mtu wa nyumba hiyo anayeshika jembe mpaka kilio kitoke, yaani siku za matanga ziishe. Mama mudogo Agnès, mdogo wake Mama, ndiye aliyezilinda sheria hizo, na alizilinda akiwa ameketi mlangoni, mwili wake mzima ukiziba njia. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai pamoja na kaka yangu mkubwa, Edouard. Mimi magoti yalikuwa yananiwasha. Nilihama upande huu wa mkeka, nikahamia ule, nikarudi, mpaka binti yangu Glodie akaninong'oneza, akimtaja bibi yake:

"Mama, sasa unafanana na nkambo."

Mvula ya kwanza ilikuwa imenyesha tulipokuwa tunatoka makaburini. Watu walisema ni baraka. Mimi niliwaza shamba, na tangu hapo sikupata usingizi wa maana.

Mama alizaliwa kwenye kijiji kimoja mbele ya Mutoshi, akaolewa na Baba, fundi wa mgodini, akaletwa kuishi kambi ya wafanyakazi, Musonoi. Enzi hizo kampuni iligawa unga, kila nyumba mfuko wake, na wake za mafundi walipaka kucha rangi. Mama alipokea unga kama wengine, kisha akaenda kulima. Alipanda sombe, mihogo ya majani ya mboga, nyuma ya choo na maboga juu ya kichuguu. Walimcheka: mke wa fundi mzima, mikono ya mkulima! Baba mwenyewe aliona haya kidogo. Halafu mishahara ikakatika, na mifuko ya unga nayo ikakatika, na majirani wenye kucha nyekundu wakaanza kupita asubuhi na mabeseni matupu, wakisalimia kwa kirefu. Mama aliwajazia. Aliwatania pia huku akijaza, siwezi kudanganya. Ulimi ule haukujua kulala.

Baba alipofariki, alirudi kijijini kwenye shamba la wazazi wake. Tulimjengea chumba Manika, chenye sakafu ya sementi na televisheni. Alilala humo siku chache, akadai ukuta unamkohoza, akaondoka. Wajukuu ndio waliomfuata. Glodie alijua kupanda mahindi kabla ya kujua kusoma, na aliyapanda kwa mtindo wa nkambo wake, yaani mistari imepinda yote. Mama alizunguka kila kisiki na kila kichuguu. Bwana shamba mmoja alimletea kamba ya kunyooshea mistari. Mama alimshukuru kwa adabu, akaifungia mbuzi.

"Mahindi haiko baaskari, tata," alimwambia. "Inyooke yote, iende wapi?"

Shamba la jirani yake lilikuwa limekwisha kuwa mashimo. Vijana kutoka kila upande wa nchi walichimba pale shaba na kobalti. Hawakuwa vijana wabaya. Mama aliwauzia mihogo ya kuchemsha na kuwakemea wanawe mikono. Lakini udongo ukishachimbwa haurudi kuwa shamba. Chifu wa kijiji, kwa kuchoka na magomvi, alikuwa ametangaza kwamba shamba lenye mazao haliguswi mpaka mavuno, ila shamba lililonyeshewa mvula na bado liko tupu, atampa anayelitaka.

Ndiyo maana magoti yalikuwa yananiwasha.

Edouard alikuja mlangoni na simu mkononi. "Kule kijijini banasema batu banapima shamba ya Mama na kamba."

"Twende tupande," nilisema.

"Kilio haiyatoka," mama mudogo alijibu bila hata kugeuka. "Hapana mutu atashika jembe. Munataka tuzike mwingine?"

Edouard akasema tutaona, akarudi kwenye kiti chake. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia mama mudogo pia, na zaidi ya wote Mama, aliyekwenda kufa Oktoba, mwezi wa kupanda, ambao yeye mwenyewe asingekubali mtu yeyote augue. Dereva wa pikipiki aliyemfikisha hospitali alituambia alimkuta shambani, amekaa chini. Amekaa! Hapo hapo nilijua ni mbaya. Nilimsafisha mikono kitandani, kucha zimejaa udongo, nikadhani alikuwa anakusanya majani makavu. Hakuamka tena akaniambia.

Asubuhi iliyofuata ile simu ya Edouard nilikataa hata chai, nikavaa viatu.

"Brigitte! Unaenda wapi?" mama mudogo akauliza.

"Mi napita tu."

Sijui nilipitaje pale mlangoni. Nilipanda pikipiki na Glodie, na hatukufika mbali kabla ya kusikia ya pili nyuma yetu, mama mudogo juu yake, kitambaa cha kilio kichwani, akitugombeza mpaka mwisho wa lami na kuendelea kwenye vumbi. Sikugeuka. Nilikuwa nahesabu mbegu kichwani, nikijiuliza nitazipata wapi na jembe nitaazima kwa nani.

Vijana wa kuchimba walikuwa wamesimama kando ya shamba, na Mpoyi, mjumbe wa chifu, mbele yao. Hawakuwa wanapima tena. Walikuwa wanaangalia chini.

Mahindi yalikuwa yameota. Kimo cha kidole, majani mawili mawili, kijani kibichi kwenye udongo uliolowa. Mistari ilizunguka kisiki, ikakwepa kichuguu, ikarudi ilikotoka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepanda vile. Glodie ndiye aliyeanza kulia. Mama alikuwa amepanda kwenye vumbi kavu, kabla ya mvula, peke yake, jambo ambalo kwetu hakuna anayelifanya kwa kuogopa ndege na wadudu. Labda mwili ulikuwa umeshamwambia kitu. Labda hakutaka tu kungoja. Hakuwahi kungoja kitu chochote.

Katikati ya shamba mistari ikakatika. Jembe lake lilikuwa limelala pale, na kopo la mbegu, kifuniko kimebanwa vizuri. Ndipo alipokaa.

"Kwenye mahindi hapana mutu ataingia," Mpoyi alisema kwa upole, kisha akaonyesha upande ambao haukupandwa. "Lakini hii ngambo iko tupu, mama. Nitarudia magaribi. Nikiikuta vile, nitabapa."

Nililiangalia jembe. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hilo, nimevunja kilio kwa ajili ya hilo, na sasa mkono haukwenda. Niliogopa, kweli niliogopa, nikimtazama Glodie.

Mama mudogo Agnès alinipita. Aliinama, akaliokota jembe, akalifuta mpini kwa kitambaa chake cha kilio.

"Kulima ndiyo inakatazwa," alisema. Kisha akamtaja Mama kama alivyomwita siku zote, yaya, dada mkubwa: "Hii haiko kulima. Yaya alianza kazi hii angali muzima. Sisi tunamalizia tu. Leta mbegu."

Alipiga mashimo, mimi nikatupia punje, Glodie akafunika kwa mguu kama alivyofundishwa. Nilipojaribu kunyoosha mstari kidogo, mama mudogo alinipiga kofi mkononi.

"Usinyooshe. Fuata ya yaya."

Tulifika ukingoni kabla ya Mpoyi kurudi. Alitazama udongo mbichi, akawatikisia vijana kichwa, wakachukua kamba zao wakaenda. Mama mudogo alijitupa chini ya kichaka, akanyoosha miguu, akaniita nami nikae nipumzike. Nilikaa. Nikasimama tena, nikaenda kuangalia kama zile mbegu za mwisho zimefunikwa vizuri.