Kumfuta Kazi Best Man

Tangu Jumatatu Keziah alikuwa amempigia simu Zadock mara tisa, na sasa ilikuwa Alhamisi. Simu tisa, jumbe nne, na jibu moja tu: kijipicha cha mikono iliyokunjwa kwa maombi. Keziah alikitazama kile kijipicha akiwa ndani ya gari, nje ya hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, akahisi shinikizo la damu likimpanda. Mikono ya nini? Yeye hakuomba maombi. Aliomba nyumba yake iuzwe.

Zadock ndiye aliyekuwa dalali wa nyumba hiyo. Neno dalali mwenyewe hakulipenda, alisema linamfanya aonekane mtu wa mnada wa ng'ombe. Kadi yake iliandikwa realtor kwa herufi za dhahabu. Siku nne za wiki aliendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja kubwa huko Shakopee, na siku zilizobaki aliuza nyumba, au ndivyo alivyodai. Kwa hiari yake Keziah hangempa hata banda la kuku auze. Lakini miaka kumi na tisa iliyopita, Zadock ndiye aliyesimama kando ya Gilbert kanisani, pete ikiwa mfukoni mwake, siku Gilbert na Keziah walipofunga ndoa. Alikuwa best man.

Na best man, kwa Wakenya wa Minnesota, Marekani, si mtu wa kupigwa picha na kupewa mkono wa kwaheri. Yeye na mkewe Nkirote walikuwa mahakama ya ndoa ile. Keziah na Gilbert wakikosana, hao ndio huitwa. Binti yao Natasha alipozaliwa, hao ndio waliofika hospitalini wa kwanza, na uji kwenye chupa. Gilbert alipoanguka bafuni mwezi wa Februari kwa kiharusi, Zadock alifika kabla ya pasta. Kwa hiyo ilipobidi nyumba iuzwe, hakuna aliyeuliza nani ataiuza. Ingekuwa matusi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Burnsville, ya zile ambazo ukifungua mlango bado hujafika popote. Unasimama kwenye nafasi ndogo ya kuvulia viatu, mbele yako vidato saba vinapanda kwenda sebuleni na vingine saba vinashuka kwenda chini. Mtu aliyepooza upande wa kulia ataingiaje humo? Ndiyo maana Gilbert alikuwa bado katika kituo cha wagonjwa wanaojifunza upya kutembea, karibu miezi sita sasa. Keziah alikuwa amepata kinyumba Saint Louis Park, kila kitu chini, mlango mpana wa kupita kiti cha magurudumu. Mwenye nyumba hiyo, mama mmoja mzee mwenye subira, alikubali kuwangoja hadi mwisho wa Agosti wapate mnunuzi wa nyumba yao. Baada ya hapo angempa mtu mwingine. Sasa ilikuwa wiki ya mwisho ya Julai.

Tangu Mei, Zadock alikuwa ameharibu kila kinachoharibika. Picha alizoweka mtandaoni alizipiga Aprili, theluji chafu ikiwa bado imelala uani, na katika picha ya chumba cha kulala nguo zilikuwa zimeanikwa mlangoni. Kibao cha kuonyesha nyumba inauzwa alikisimika nyuma ya mti wa msonobari, mahali ambapo ni kindi pekee wangekisoma. Keziah alipomuuliza, akasema pale hakitaibwa. Watu wakitaka kuja kuiona nyumba, aliwapa saa ambazo yeye mwenyewe yuko ghalani. Akikumbushwa siku, alijibu kwamba subira huvuta heri. Kwa Keziah, subira ilikuwa imevuta kila kitu isipokuwa heri.

Mwishowe alidokeza, kwa adabu zote alizofunzwa na mama yake, kwamba pengine angependa kujaribu dalali mwingine. Jumapili iliyofuata Zadock alifika na Nkirote baada ya ibada, na chapati na kuku, wakaketi kwenye kochi kama wazee waliokuja kuulizia binti. Zadock akafungua kwa maombi marefu.

"Shemeji," akaanza, "tumekuja kama best couple wenu. Tunasikia kuna uchungu ndani ya hii nyumba."

"Hakuna uchungu, shemeji. Kuna kibao nyuma ya mti."

"Hata uchungu huanza na vitu vidogo," akasema Nkirote kwa upole.

"Basi kitoeni."

Hawakukitoa. Walizungumzia uvumilivu katika ndoa kwa saa nzima. Keziah aliketi akiwatazama, akafikiri: kesi ya ngedere hakimu akiwa nyani, hukumu inajulikana kabla ya kikao. Ukiwa na shida na mtu yeyote unampelekea best man. Ukiwa na shida na best man unampelekea nani? Walipoondoka walibeba hata chapati zilizobaki.

Jumatatu aliipigia ofisi ya kampuni ambayo Zadock aliuzia nyumba chini ya jina lake. Alikuwa amejiandaa kwa vita. Mama aliyepokea simu, Mzungu mwenye sauti ya maziwa ya moto, alimweleza kwa dakika nne kwamba mkataba ni wake na kampuni, si wake na Zadock. Kwamba wateja hubadilishiwa madalali kila siku. Kwamba kuna mwenzao anaitwa Stacy ambaye anaweza kuanza Jumamosi. Hakuuliza harusi ilifungwa lini. Kilichohitajika ni fomu moja, na sahihi za wenye nyumba wote wawili.

Keziah alikata simu akabaki amekasirika zaidi. Miezi mitatu ya kula chapati za upatanisho, kumbe dawa ilikuwa dakika nne.

Fomu ilitumwa kwa simu yake, akaitia sahihi kabla chai haijapoa. Nyingine ikatumwa kwa simu ya Gilbert. Jumanne hakuna kitu. Jumatano hakuna kitu. Gilbert alisema hajaiona; kisha akasema ameiona lakini kidole cha kushoto hakijazoea kubonyeza. Ndipo Alhamisi Keziah akaichapisha fomu kwenye karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akaendesha gari moja kwa moja hadi kituoni na sare zake za kazi.

Alimkuta Gilbert kwenye kiti cha magurudumu, kando ya dirisha, ametoka kufanya mazoezi. Shati lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Keziah akamsalimia, akamfuta uso, akaweka karatasi mezani na kalamu juu yake.

"Baba Natasha, weka sign hapa."

Gilbert aliitazama ile karatasi. Kiharusi kilimwachia maneno yake yote, ila yalitoka polepole. "Tuiache kwanza."

"Tuiache mpaka lini?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia pale kwenye mapaja. Jina la Zadock likawaka. Zadock yule yule ambaye tangu Jumatatu alikuwa hapatikani, kama maji ya mfereji. Gilbert akajaribu kuigeuza simu kwa mkono wa kushoto, ikateleza, na Keziah akaidaka. Akabonyeza sauti isikike chumba kizima.

"Brother, relax," Zadock akasema bila hata salamu. "Wale waliokuja kuona nyumba Saturday nimewaambia basement, pale chini, iliwahi kuingia maji. Hawarudi."

Mwuguzi mmoja alipita na kikapu cha dawa.

"Shemeji," akasema Keziah.

Sauti ndogo ikajibu: "Shemeji. Bwana asifiwe." Na simu ikakatwa.

Keziah akaiweka simu mezani taratibu, kwa sababu angeiweka haraka ingepasuka. Miezi mitatu alikuwa amemwita Zadock mvivu, mjinga, mzembe. Alimkosea kwa yote matatu. Mtu yule alikuwa akifanya kazi yake ya best man kwa bidii kuliko dalali yeyote wa Minnesota. Alikuwa tu hamfanyii yeye.

"Ni mimi nilimwambia," Gilbert akasema.

"Nimesikia."

"Nilimwomba anipe time. Mguu unarudi, Keziah. Leo nimesimama dakika sita. Nilitaka siku nikitoka hapa nipande mwenyewe, niingie kwangu. Ile nyumba ndiyo kitu pekee nimewahi kununua hii nchi. Nikiiuza kwa sababu ya ngazi, nimekubali kwamba sitawahi kupanda tena."

Kwa familia za wagonjwa wengine, Keziah alikuwa na sauti maalum ya kusemea mambo haya. Aliitafuta, hakuipata. Alikuwa amechoka nao wote, mwenye siri na mwenye kuitunza.

"Sikiliza, Baba Natasha. Hii kazi nimeifanya miaka kumi na saba. Huo mguu utakupeleka mezani, na Mungu akipenda utakupeleka choo bila mtu kukushika. Ngazi, hapana. Hata daktari amekuambia, ukatingisha kichwa ukijifanya hujasikia. Na unajua ni nani anapanda hizo ngazi zako sasa? Ni mimi. Nafika juu, naweka bag, naanza kukuambia vile supervisor amenikasirisha. Juzi nimesimama jikoni nimekuuliza kama utakula ugali ama wali. Nimeuliza kwa sauti, Gilbert. Nikangoja jibu."

Gilbert akainamisha kichwa. Keziah hakuwa amemaliza.

"Mimi sina haja na nyumba ya kupanda. Nataka mtu wa kuniambia ugali. Na nyinyi wawili, wanaume wazima, mmekaa mkinificha kama mtoto, mnanipikia chapati."

Hatimaye Gilbert akaivuta karatasi kwa mkono wa kushoto, akaibana kwa kiwiko cha kulia kisichosikia, akaandika. Jina lilianza vizuri kisha likapanda likatoka nje ya mstari, likaishia kwenye maelezo ya kampuni. Stacy angekipeleka kibao barabarani Jumamosi hiyo na kupata mnunuzi katika siku kumi na mbili, lakini wakati huo Keziah hakujua. Alichojua ni kwamba karatasi imetiwa sahihi. Akairudisha ndani ya bahasha kabla mtu hajabadili nia.

"Zadock nitamwambia mimi," Gilbert akasema.

"Utamwambia. Bado ni best man wako. Ni kibao tu tunamnyang'anya."

Akavaa mkoba begani. Alikuwa bado na hasira, na alikusudia kuwa nayo hadi Jumapili.

"Hiyo ya Saint Louis Park," Gilbert akauliza. Katika miezi yote ile hakuwa amewahi kuuliza neno juu ya nyumba hiyo. "Dirisha la sitting room linaangalia wapi?"

"Parking. Na ukianza kulalamika nakuacha hapa hapa."

Gilbert akamrudishia kalamu.

"Parking ni sawa," akasema. "Nitakuwa nakuona ukirudi kazini."