Hodi Ambayo Haikupigwa Kwemkole

Mjomba wangu Muhidini alikuwa na miguu mizuri, na hiyo ndiyo iliyomtia kiburi. Mtu mrefu, mkavu, viatu vya tairi, akitembea ungedhani ameitwa mahali. Kila mwaka ulipoingia mwezi wa Rajabu, yeye ndiye aliyetutangulia kwenye njia ya ziara, kutoka kwetu Handeni mpaka Magoma, kwenye kaburi la shehe aliyewafundisha babu zetu zikiri. Tulikwenda kwa miguu. Magari yalikuwepo, lakini aliyepanda gari tulimwita mtalii, na jina hilo halikumtoka upesi.

Kazi ya mtangulizi ilikuwa hivi. Khalifa Sadala, kiongozi wetu, alichana kitambaa cha kijani vipande vipande akampa. Mtangulizi akaipita njia nzima peke yake siku chache kabla yetu, akipiga hodi katika kila nyumba ya kituo: Misima, Kwemkole, Korogwe mjini, Kwashemshi. Atakaa, atapewa maji, kisha atauliza, "Wageni wa shehe wanakuja. Mtatupokea?" Mwenyeji akikubali, kipande kimoja cha kijani kinafungwa mlangoni kwake, nasi tukifika tunajua pa kuweka mizigo.

Sijapata kusikia mwenyeji aliyekataa. Tangu enzi za Mjerumani watu wa nyumba zile walijibu "karibuni" kabla swali halijaisha. Kwa hiyo swali lenyewe likawa heshima tu, na mjomba akafikia kuliuliza amesimama, mguu mmoja tayari uko njiani. Mama yangu alimwonya. "Kaka, kaa kitako uulize. Watu si vibao vya barabarani." Mjomba akacheka. Kwetu Wazigua mjomba ndiye mwenye neno, hata dada yake akisema kweli.

Basi ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni, watu walipotakiwa kutoka kwenye mashamba yao wakaishi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Kwetu hatukuhama, maana tulikuwa kando ya barabara tayari. Wengine ndio walioletwa kwetu. Lakini mjomba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, na yeye ndiye aliyetumwa kupita mashambani akiwaambia watu wafungashe. Alisema kwa upole, sina budi kukiri. Hata hivyo waliohamishwa walikuwa wakimwona wanageuza uso, na mtu aliyezoea kusalimiwa kutoka mbali jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Rajabu ilipofika, Khalifa akampa vitambaa vyake kama kawaida. Mjomba akaenda mpaka Misima, kwa shemeji yake. Huko akaambiwa kuwa kule mbele watu wana uchungu, na mjumbe akionekana hapewi hata maji ya kunawa. Akaogopa. Si kuogopa kupigwa, bali kuogopa mtu kama Mzee Hiza wa Kwemkole, aliyempokea tangu ndevu hazijamwota, amtazame na kumuuliza, "Na wewe Muhidini umo?" Akakaa kwa shemeji anakula mihogo na kunywa chai mpaka zikapita siku za kutosha, kisha akarudi na vumbi lake miguuni. Mbele ya msikiti akatangaza kwamba wote wamekubali. "Na Hiza amesema mwaka huu anatuchinjia mbuzi."

Huyo mbuzi ndiye ninayemchukia mpaka leo. Uongo peke yake ungetosha. Mbuzi wa nini?

Mwaka huo nilikwenda na mwanangu mgongoni. Alikuwepo pia jirani yetu Bi Mashavu, mtu mzima sana, aliyeweka nadhiri kwamba mwanawe akipona ugonjwa uliomlaza, yeye atalifikia kaburi kwa miguu yake mwenyewe. Mwana alipona, nadhiri ikabaki. "Hii ndiyo miguu ya mwisho niliyo nayo," alituambia tulipoanza safari, "msiniharakishe, wala msinibebe." Alitembea na fimbo yake, akiwatania wanaume kwamba wanahema kama nguruwe pori, nasi tukacheka mpaka Misima. Pale shemeji alitupokea vizuri, ila sikumwona akimtazama mjomba machoni.

Tukaiacha barabara tukashika njia ya mkato ya mahujaji wa zamani, inayopita porini. Tulifika Kwemkole jua likiwa limeanza kuinama, vibuyu vya maji vimekauka tangu mchana kwa sababu kila mtu aliwaza kisima cha Hiza. Hapakuwa na mtu. Kuta zilisimama bila mapaa, milango imeng'olewa, magugu yamejaa uani. Kisima kilikuwa kimeporomoka, wala kamba wala ndoo. Tuliita hodi tukitazama ndani ya vyumba vilivyojaa jua, na mtu mmoja akaanza kutafuta kitambaa cha kijani kwenye kizingiti, utadhani kingetupa maji.

"Muhidini," Khalifa akasema, "ulizungumza na Hiza?"

"Nilizungumza naye. Hapo alipokuwa akikaa."

"Akakuahidi?"

"Akaniahidi."

Basi watu wakamgeukia Hiza, asiyekuwepo kujitetea. Bahili. Ameona njaa imeingia akatukimbia. Mimi nami nilisema, tena sauti yangu haikuwa ndogo, maana mwanangu alikuwa analia. Mjomba alisimama pembeni akichokonoa ukuta kwa kidole. Tukaswali kwa tayamamu, tukipaka vumbi la ua wa Hiza mikononi na nyusoni, na mwenye vumbi hilo tulikuwa tumetoka kumtukana. Bi Mashavu alipoinama kusujudu hakuinuka.

Tulimlaza kivulini. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Wakati huo akatokea mama mmoja wa Kimasai, akiwa amesikia kilio cha mtoto kutoka bomani kwao. Jina lake Naisimoi. Bi Mashavu, hata katika hali ile, akajitahidi kumsalimu kwa lugha yao, "Takwenya," na yule mama akaitika, "Iko," akatutazama sote kama watu tuliopotelewa na akili. Akarudi na kibuyu cha maziwa na wanawe wawili wamebeba maji. Alimnywesha Bi Mashavu kwa kiganja chake, taratibu.

"Watu hapa hakuna," alisema kwa Kiswahili chake. "Malori yamebeba. Hiza iko barabarani, kijiji mpya."

"Lini, mama?" Khalifa akauliza.

Naisimoi hakuelewa, au hakuona maana ya kuhesabu. Mjomba akawahi. "Basi ni baada ya mimi kupita. Ni juzijuzi tu." Akasema hivyo bila kutetemeka, na mimi nikaamini, kwa sababu ni mjomba wangu.

Tulilala bomani kwa Naisimoi. Asubuhi wanaume wakamtengenezea Bi Mashavu machela ya miti na kanga. Alikataa kupanda kwa nadhiri yake, kisha akapanda akilia, kwa kuwa miguu haikumshika. Hivyo ndivyo tulivyoingia kijiji kipya cha barabarani, nyumba zimepangwa mstari kama askari, na Mzee Hiza akatoka katika kibanda cha chumba kimoja akiwa amevaa shati lake la Idi.

"Shikamoo, Mzee Hiza," tukasema.

"Marahaba. Poleni, wageni wa shehe. Poleni sana."

Khalifa hakukaa. "Mzee Hiza, Muhidini anasema alikukuta Kwemkole ukamwahidi. Tumekosa maji. Mama huyu tumembeba. Hukuweza kutuma hata mtu mmoja?"

Hiza akamtazama mjomba. Mjomba akatazama chini. Nilikuwa nimesimama karibu na kibanda, nikaona kitu ambacho wanaume hawakukiona. Juu ya paa la nyasi lilitambaa shina la boga, na maboga yake yalikuwa yamekomaa, makubwa, yamegeuka rangi. Boga haliivi kwa juzijuzi. Mzee huyu alikuwa anaishi hapa tangu mvua. Nikageuka kumtazama mjomba, nikakuta naye anayatazama yaleyale maboga. Uso ulinichoma. Nikatamani ardhi ipasuke, naye awe wa kwanza kuingia.

"Ni kweli," Hiza akasema. "Alinikuta, nikamwahidi. Malori yakaja nikachanganyikiwa, nikasahau kutuma mtu. Kosa ni langu. Nisameheni."

Mzee wa ndevu nyeupe ameomba radhi kwa kosa lisilo lake, mbele ya mkewe na majirani wapya asiowajua vizuri, na mjomba wangu akapokea uji uliotolewa akanywa. Nilimwonea haya mpaka wangu nikauweka chini.

Bi Mashavu hakuweza kuendelea. Tukamwacha kwa Hiza, nasi tukavuka Korogwe, tukalala Kwashemshi kwa watu waliotupokea bila kuarifiwa, na kwa uchovu hakuna aliyewauliza kitambaa kiko wapi, tukaingia Magoma kwa madufu na bendera. Hakuna aliyeimba kwa furaha. Njia nzima watu walikuwa wakimtaja Hiza kwa ubaya, na kila alipotajwa, mjomba aliongeza mwendo.

Kaburini Khalifa aliongoza dua. Akawaombea wazazi, akawaombea wagonjwa, kisha akainua mikono zaidi. "Ewe Mola, msamehe mja wako Hiza, aliyeacha ahadi, na kwa ajili yake mama yetu Mashavu amekosa kutimiza nadhiri."

"Msimwombee hivyo!"

Dua haikatizwi. Hata watoto wanajua. Lakini mjomba alikuwa amesimama katikati ya watu waliokaa, na kutoka mfuko wa kanzu akatoa vitambaa vya kijani, vyote, vilivyokunjwa vilevile alivyopewa.

"Sikufika Kwemkole. Nilikaa Misima kwa shemeji. Hiza sikumwona, wala hakuniahidi kitu. Mbuzi nilimtunga mimi." Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, mjumbe, mwenye miguu yake. "Bi Mashavu nimemuangusha mimi."

Khalifa alimaliza dua kwa upesi na hatukumtaja tena mtu yeyote kwa jina. Usiku kucha mimi nilikuwa nawaza maneno niliyoyatoa uani kwa Hiza.

Kurudi, mjomba alitutangulia mbio. Nilimfuata nyuma kwa sababu mama alikuwa ameniagiza nisimwache. Tulimkuta Hiza anammenyea Bi Mashavu muwa. Mjomba akapiga magoti akasimulia alivyosema kaburini, nadhani akitegemea kuinuliwa.

Hiza akaweka kisu chini. "Umesema mbele ya watu wote?"

"Wote, mzee."

"Na mimi niliyesema ulinikuta, sasa umeniweka wapi?"

Mjomba hakuwa amefikiria hilo. Wala mimi.

"Nilikutazama uso nikajua," Hiza akaendelea, na sauti yake haikuwa ya upole tena. "Nikasema, heri wanione msahaulifu. Unadhani nilifanya kwa ajili yako tu? Tangu babu yangu tulijibu karibuni. Rajabu hii nilikuwa ninaomba usije, unanisikia? Nilikuwa ninaomba usije, usije ukanikuta katika kibanda hiki nikashindwa kusema karibuni. Ulipokosa kuja nilishukuru. Hiyo ndiyo aibu yangu, na nilikuwa nimeificha vizuri. Sasa wageni wanakuja hapa wakijua kwamba Hiza naye ni muongo."

Bi Mashavu alikuwa anatafuna muwa wake polepole. "Wanaume wawili wazima," akasema, "mmeona haya kila mmoja kwa mwenzake, na mimi ndiye niliyelala vumbini." Hakucheka, nasi hatukucheka.

Wenzetu walipofika, mke wa Hiza alitenga ugali na maboga yaleyale. Tukala. Khalifa alijaribu kuomba radhi, Hiza akamwambia chakula kinapoa. Sijapata kukaa kwenye karamu yenye ukimya kama ule, kila mtu anatazama tonge lake.

Bi Mashavu alifariki mwezi wa Ramadhani mwaka huohuo, bila kuliona kaburi la Magoma. Mjomba ndiye aliyemchimbia kaburi lake, akakataa kupokewa jembe. Ujumbe wa nyumba kumi akauacha. Tangu hapo alitembea kama watu wengine.

Rajabu iliyofuata tulidhani Khalifa atachagua mtu mwingine. Akachana kitambaa, akamwita mjomba mbele ya msikiti, akampa. Sijui kama ilikuwa huruma au adhabu. Mjomba alipokea akitazama ardhi, akaondoka siku hiyohiyo, na mama akanituma tena nimfuate, nikathibitishe.

Hakuruka nyumba. Hata kwa Naisimoi aliingia, akakaa, akauliza. Tulipofika kibandani kwa Hiza akapiga hodi na kusimama nje mpaka alipokaribishwa. Akaketi juu ya mkeka. Akanywa maji. Kisha akasema maneno yale, "Wageni wa shehe wanakuja. Mtatupokea?"

Hiza alikuwa anasuka kamba. Akaendelea kusuka.

"Nikikataa?" akauliza.

"Nitawaambia umekataa," mjomba akasema, "na nitatafuta kwingine."

Hiza akarudi kwenye kamba yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya kizingiti ambapo kitambaa kingefungwa. Mjomba hakuinuka, wala hakugusa viatu vyake. Miaka yote aliyopiga hodi katika njia ile, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokaa kungoja jibu.