Miguu ya Ndege ya Kijapani

Hadi leo nikimsikia shemeji yangu anacheka, damu inanichemka. Mnasema shemeji ni mtani na utani hauna kesi. Haya, sikilizeni kwanza.

Kaka yangu alipofushwa na kisukari. Maisha yake yote alikuwa fundi wa injini za boti hapa Mwanza, na alihusudu ndege moja: ndege ya zamani ya kivita ya Wajapani, iliyokuwa ikiruka kutoka kwenye meli. Nikiwa mdogo alikuwa akinionyesha picha yake kitabuni. "Wenzake walirundika mabawa juu na chini. Huyu akabaki na jozi moja. Ila miguu hajui kuikunja; anaruka magurudumu yakining'inia, yamevalishwa viatu."

Nikaamua kumchongea, aione kwa vidole. Miezi mitatu, kipande cha mninga, kisu na msasa. Yale magurudumu tu niliyarudia mara nne! Kisha nikampelekea shemeji, mdogo wake mke wangu, anayepaka rangi fanicha kule Buhongwa. Nikamwambia, vanishi tu, basi.

Jumapili tukaenda wote Kisesa kwa kaka. Shemeji kaifunga ndege kwenye kitenge, hataki niiguse, eti ifunguliwe mbele ya mwenyewe.

Kaka akaipakata. Akapapasa pua, akatabasamu. Akapapasa mabawa. "Jozi moja," akasema. Vidole vikashuka tumboni, vikaenda, vikarudi, vikaenda tena. Nikainama kutazama. Lahaula! Tumbo laini, limepigwa msasa, miguu hakuna.

Shemeji akanikonyeza, akaninong'oneza, "Ndege gani inaruka miguu inaning'inia kama kuku wa mnadani? Nimekurekebishia, mshamba wewe."

Kabla sijamjibu, kaka akafuta vidole kwenye suruali, akajaribu tena, taratibu.

"Daktari aliniambia ganzi itafuata," akasema. "Macho yalishakwenda. Sasa na vidole."

Nilimkaba shemeji shati. Sikujali utani wala ukweni. "Kaka, vidole vyako vizima! Huyu mpuuzi ndiye kaikata miguu! Sema, wewe! Iko wapi?"

"Niliitupia jikoni, ikaungua," akasema shemeji, kicheko kimemkauka. "Kaka, haki ya Mungu, ni mimi. Nilikuwa namtania huyu."

Niliona aibu imemjaa usoni, na sikumwonea huruma hata chembe. Angalau kasema kweli, nikawaza, yameisha.

Kaka akatikisa kichwa. "Mmepatana upesi hivyo? Ninyi watani, tangu lini mkasemeana kweli? Asanteni kwa kunihurumia."

Tukaapa, mmoja baada ya mwingine. Kadiri tulivyoapa ndivyo alivyozidi kutuitikia kwa upole, kama mtu anayebembeleza watoto. Kisha akaiweka ndege chini, akaficha mikono yake kwapani.