Salamu Ndefu za Baba

Baba yangu hakuwa mtu wa salamu ndefu. Alikuwa fundi cherehani pale Bagamoyo, na jioni akirudi kutoka dukani alirusha "hamjambo" huku na huku bila kupunguza mwendo. Kwa hiyo mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alipoanza kusimama kila baraza na kuulizia watoto, wakwe, hata mbuzi, mtaa mzima ulimsifu. Mama alisema utu uzima umemwingia. Mimi binti yake nilikasirika tu, maana nilikuwa nyuma yake na kapu la vitambaa kichwani.

Siku moja ya kipupwe, penye mwinuko wa kutoka sokoni, nikamwona anamsikiliza jirani huku jasho linamtiririka, ngumi ameibana katikati ya kifua. Jirani yule aliulizwa hali ya mama yake, akajibu, akaulizwa tena. Hofu ikaniingia. Baba hakuwa anasalimia, alikuwa anapumzika.

Nyumbani alinigombeza. Alisema ni chembe cha moyo, gesi tu, na mama akamchemshia tangawizi. Nikanuna, nikagoma kula, mpaka akakubali twende Dar es Salaam. Daktari alimbandika nyaya kifuani, akaitazama mistari iliyotoka kwenye karatasi, kisha akamuuliza maumivu huja akikaa au akitembea. Nikajibu mimi.

Daktari akatueleza kwamba mishipa inayolisha moyo imegandwa na mafuta kwa ndani, njia ya damu imekuwa nyembamba, na siku yoyote inaweza kuziba kabisa. Dawa ya kuyaondoa hakuwa nayo. Alimpa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakianza, akamkataza sigara na samli.

Baba alitii kwa manung'uniko. Taratibu salamu zikafupika. Watu wakasema ameanza maringo, na mimi nilifurahi kila alipompita mtu bila kusimama.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Baba alikuwa ameaga sasa hivi, hajavuka hata nyumba ya pili, nikamsikia anamwambia mzee wa pale, "Na mbuzi wako je, hawajambo?"

Mzee yule hakuwahi kufuga mbuzi. Nikautupa ufagio, nikakimbilia ndani kutafuta vidonge.